Vyama vya Siri vya Wachina (2): Kiapo cha Watu Wasio na Kwao

Wiki iliyopita tulikomea pale Wamanchu walipoingia Beijing mwaka 1644 na kusimika utawala wa Qing. Tiandihui, yaani Chama cha Mbingu na Ardhi, kina simulizi yake kuhusu yaliyofuata. Askari wa Qing waliichoma moto monasteri ya Shaolin, wakasalimika watawa watano, nao wakala kiapo cha kuurudisha utawala wa Ming, uliokuwapo kabla ya Qing. Simulizi hiyo imerudiwa hata katika vitabu vya kuheshimika. Mimi siikubali.

Nyaraka za Qing zinasema jingine. Chama kilianzishwa miaka ya 1760 wilayani Zhangpu, mkoani Fujian, na mtawa aliyeitwa Tixi. Fujian ilikuwa na watu wengi na mashamba haba. Vijana walihama kutafuta vibarua, wengi wakavuka bahari hadi Taiwan, mahali ambapo hawakuwa na baba wala mjomba wa kuwatetea. Mwaka 1783 mchuuzi wa vitambaa, Yan Yan, alikipeleka chama huko. Alipokamatwa na kuhojiwa, alizitaja faida zake waziwazi: ukioa au ukifiwa, wenzako wanakuchangia, ukiingia ugomvini, wanakusaidia, ukikutana na majambazi, ukitoa ishara wanakuacha upite. Ishara ilikuwa vidole vitatu, vinavyonyooshwa wakati wa kupokeana chai au tumbaku. Hicho ni chama cha kufa na kuzikana, kama tunavyosema sisi. Kumpindua mfalme hakumo katika faida hizo.

Lakini serikali iliogopa kila kiapo kilicholiwa gizani. Ilipoanza kuwasaka wanachama Taiwan, mwanachama Lin Shuangwen aliongoza maasi mwaka 1787, yakazimwa 1788. Mwaka 1792 sheria ikakitaja chama kwa jina na kuweka adhabu ya kifo. Wanachama wakatawanyika kusini mwa China, na viapo vikaongezeka hadi kufikia 36. Hati ya zamani kabisa tuliyo nayo yenye hadithi ya watawa ilinaswa Guangxi mwaka 1811, takriban nusu karne baada ya chama kuanzishwa. Kwa hiyo kisasi cha Ming hakikukizaa chama hiki. Kilizaliwa na umaskini, na ukali wa serikali ndio uliokifanya cha waasi.

Wiki ijayo tutawafuata wanachama hawa hadi Penang na Singapore, ambako Waingereza waliishi nao kwa miongo mingi kabla ya kuvipiga marufuku vyama vyao mwaka 1890.