Jamaa Zetu wa Vickery Meadow na Mipaka ya Uchaguzi

Ikiwa mna jamaa Dallas, Marekani, huenda mmelisikia jina la Vickery Meadow. Ni mtaa wa majumba ya kupanga, kaskazini-mashariki ya jiji hilo. Fleti zake nyingi zilikuwa za vijana wasio na watoto. Mwaka 1988 sheria ya Marekani ikamkataza mwenye nyumba kumkataa mpangaji kwa sababu ana watoto, na familia zikaanza kuingia. Kisha wakaletwa wakimbizi kutoka pembe zote za dunia, wakiwemo Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, Warundi na Wakongo. Kwa hiyo Kiswahili nacho kina kwao pale.

Wengi wa watu hao bado si raia, na asiye raia hapigi kura. Je, mtaa kama huo una uzito gani katika uchaguzi? Ili kujibu, tuanze mbali kidogo.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Sisi husema "jimbo" kwa Texas nzima, na pia kwa sehemu inayomchagua mbunge. Hapa nitasema "jimbo" kwa Texas, na "eneo" kwa sehemu inayochagua mjumbe mmoja au zaidi. Texas ina Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 150 na Seneti yenye maseneta 31. Haya ni mabaraza ya Texas yenyewe, mbali na Bunge la Washington.

Sisi wenye asili ya Zanzibar tunajua vyema kwamba kura na viti ni vitu viwili. Julai 1963 nilikuwa mtoto wa shule ya misheni, na nakumbuka wazee walivyokaa karibu na redio kungoja matokeo. ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 kati ya 31. ZNP ilipata 12 na ZPPP 6, na kwa kuungana wakaunda serikali. Kura za ASP zilikuwa zimerundikana katika baadhi ya maeneo, zikashinda huko kwa wingi kuliko ilivyohitajika. Kila mmoja wetu ana maoni yake juu ya mwaka ule, nami sitaki kufukua ugomvi. Nataka tu tukumbuke kwamba mstari wa mpaka una nguvu kama kura yenyewe.

Texas nako mambo yalikuwa hivyo, ila kwa njia nyingine. Miji mikubwa haikugawanywa kabisa. Wilaya nzima ya Dallas, jiji na viunga vyake, ilikuwa eneo moja lenye wajumbe 18, na kila mpiga kura alichagua kwa viti vyote.

Mfano mdogo utaeleza zaidi. Chukua kijiji cha watu 100 chenye viti 5. Wote wakipigia viti vyote, watu 60 wakishikamana watachukua viti vyote 5, na wale 40 watarudi mikono mitupu. Sasa ligawe eneo hilo mafungu 5 ya watu 20. Ikiwa wale 40 wanaishi pamoja, watapata viti 2. Watu ni wale wale na kura ni zile zile. Kilichobadilika ni mpaka.

Huko Houston, wilaya ya Harris, wakili kijana mweusi, Barbara Jordan, aliyaonja hayo. Mwaka 1962 na tena 1964 aligombea Baraza la Wawakilishi kwa kura za wilaya nzima. Mara zote mbili mitaa ya weusi ilimuunga mkono, na mara zote mbili alishindwa. Tena siku zile mpiga kura wa Texas alitakiwa kwanza kulipa kodi ya kura, na maskini wengi walikaa nyumbani.

Juni 1964 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba maeneo ya mabaraza ya majimbo lazima yalingane kwa idadi ya watu. Kabla ya hapo Harris nzima, pamoja na jiji la Houston, ilikuwa na seneta mmoja tu, kwa kuwa katiba ya Texas haikuruhusu wilaya kuwa na zaidi. Ramani ikachorwa upya, na mwaka 1966 kodi ya kura nayo ikaondoka. Mwaka huo huo Jordan akagombea eneo la 11 la Seneti, lililokuwa na mitaa yake mwenyewe, akashinda. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza katika Seneti ya Texas, na mweusi wa kwanza humo tangu mwaka 1883.

Dallas ilichelewa. Kikundi cha watu wenye nguvu ndicho kilichopanga orodha ya wagombea, na tangu karne ya 19 weusi wawili tu waliwahi kutoka Dallas kuingia Baraza la Wawakilishi, wote kwa idhini ya kikundi hicho. Wananchi wakaenda mahakamani. Januari 1972 mahakama ikaagiza Dallas igawanywe, eneo moja mjumbe mmoja, na tarehe 18 Juni 1973, katika kesi ya White dhidi ya Regester, Mahakama Kuu ikaunga mkono uamuzi huo. Uchaguzi wa 1972 ulifuata ramani mpya, na Eddie Bernice Johnson, muuguzi kwa kazi yake, akashinda. Baadaye alikaa miaka 30 katika Bunge la Washington.

Mwaka huo huo, Houston ilimchagua Mickey Leland katika Baraza la Wawakilishi la Texas. Naye akafika Washington, akawa mtetezi wa wenye njaa. Tarehe 7 Agosti 1989 ndege yake ilianguka Ethiopia, alipokuwa safarini kwenda kambi ya wakimbizi ya Fugnido. Alikufa akiwatafuta watu wa aina ile ile ambao leo wanapanga Vickery Meadow.

Sasa turudi kwenye mtaa wetu. Maeneo ya Texas huchorwa upya baada ya kila sensa, kila miaka 10, na sensa humhesabu kila mkaazi: raia na mgeni, mtu mzima na mtoto mchanga. Wapiga kura wawili wa Texas walilipinga jambo hilo. Walisema hesabu iwe ya wenye haki ya kupiga kura tu. Katika kesi ya Evenwel dhidi ya Abbott, tarehe 4 Aprili 2016, majaji wote 8 waliikataa hoja yao: Texas ina haki ya kuhesabu watu wote, kwa kuwa mjumbe huwatumikia wakaazi wote wa eneo lake. Lakini Mahakama haikuamua kama jimbo likitaka laweza kuhesabu wapiga kura peke yao. Mlango huo haukufungwa, na siku hesabu ikibadilika, mitaa kama Vickery Meadow ndiyo itakayopoteza.

Mimi nilikuwa karani, na kazi ya madaftari ilinifundisha kwamba asiyeandikwa hayupo. Basi mkizungumza na jamaa zenu wa Texas, waambieni mambo matatu. Sensa ikija, wafungue mlango na watoto wote waandikwe. Pili, asiye raia asijiandikishe kupiga kura hata akishawishiwa, maana ni kosa la jinai. Tatu, mkimbizi aliyepata ukaazi wa kudumu anaweza kuomba uraia baada ya miaka 5 tangu kuingia nchini. Akishakuwa raia, ajiandikishe siku 30 au zaidi kabla ya uchaguzi.

Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Dallas na Houston, waliokosa kisu walikwenda mahakamani, wakadai nyama igawanywe upya, na wakapata fungu lao.