Hamu ya Mama Baada ya Kujifungua

Mume arudipo kutoka mashimo ya dhahabu ya Nyarugusu au Mgusu, pengine humkuta mkewe aliyejifungua akiwa mzito, asiye na hamu ya chochote. Vigangoni tumekwisha kuzisikia tafsiri zake: amerogwa, au ana mwanamume mwingine. Tuutazame kwanza mwili.

Ubongo hutumia kemikali iitwayo dopamini kuamsha ari: ya kula, ya kufanya kazi, ya kumkaribia mwenzi. Estrojeni, homoni itokayo hasa kwenye ovari, huongeza utoaji wa dopamini. Jambo hili limeonekana wazi zaidi kwa panya wa maabara. Wakati wa ujauzito kondo la nyuma hutengeneza estrojeni nyingi mno. Likishatoka, kiwango hicho huporomoka kwa siku chache tu. Kisha prolaktini, homoni ya maziwa, hupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa mama anyonyeshaye. (Testosteroni nayo hugusa mfumo huohuo, sisi wanaume, mapadre tukiwemo, tusijidhani tumesalimika.)

Papa Paulo VI, katika waraka Humanae Vitae wa mwaka 1968, aliwaelekeza wanandoa kuyaheshimu majira ya mwili. Majira haya ya unyonyeshaji nayo yanadai subira ya mume, wala mke hana kosa la kuungama.

Lakini huzuni ikizidi wiki mbili, tusiipuuze tukisema ni homoni tu. Mama apelekwe kituo cha afya, si kwa mganga wa ramli, na mumewe aandamane naye.