Mweusi Aliyefichua Siri ya Yai

Mvuvi gani wa pwani asiyemjua nungu wa baharini, ambaye miiba yake humchoma mtu unyayoni? Lakini ni wachache wajuao kwamba mayai yake yamewafunza wataalamu mengi juu ya mwanzo wa uhai.

Miongoni mwao mimi humstahi zaidi Ernest Everett Just, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Charleston mwaka 1883. Tangu 1909 alikuwa akienda ufuoni Woods Hole wakati wa kiangazi, kuyatazama kwa hadubini mayai ya nungu huyo na jamaa zake. Aliona kwamba mbegu moja ya kiume ikishaingia, mabadiliko huenea juu ya yai kama wimbi, na mbegu nyingine hukosa njia. Kumbe yai halilali tu likingoja kuamshwa. Ngozi yake yenyewe hufanya kazi.

Hata hivyo vyuo vikuu vya wazungu kwao vilimnyima kazi kwa rangi yake. Alisomesha Howard, chuo cha weusi, na kuanzia 1929 akatafuta nafasi Ulaya. Mwaka 1940 Wajerumani walimfunga Ufaransa. Akarudi kwao, akafariki 1941.

Marekani ilimtolea stempu mwaka 1996. Ni heshima, sikatai. Lakini alichohitaji akiwa hai kilikuwa maabara.