Kupokelewa katika Jumuiya ya Waigizaji: Suala la Kigezo katika Shule za Lualaba

1. Utangulizi

Katika mijadala kuhusu sanaa za maonyesho shuleni, swali linaloulizwa mara kwa mara ni tamthilia ipi ifundishwe. Swali linaloulizwa kwa nadra ni jinsi mwanafunzi anavyotambuliwa kuwa mwigizaji. Nani humpokea, kwa kigezo gani, na kupokelewa huko humpa nini? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuangalia utaratibu unaojulikana sana Marekani, yaani jumuiya ya heshima ya waigizaji wa shule za sekondari, na kuulinganisha na taratibu zilizokwisha kuwapo Katanga na Afrika Mashariki.

Mahali panapozingatiwa ni Fungurume, mji wa madini ulio kati ya Likasi na Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tangu mgodi wa Tenke Fungurume uanze kutoa shaba mwaka 2009, mji huo umevuta watu wa makabila mengi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, kanisani na vibarazani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kigezo cha kazi, ambacho ndicho msingi wa jumuiya ya Kimarekani, kinaweza kuzifaa shule za huko. Hata hivyo, hakiwezi kuhamishwa jinsi kilivyo. Orodha ya kazi zinazohesabiwa haina budi kuandikwa upya kufuatana na namna maonyesho ya Kiswahili cha Katanga yanavyotungwa.

2. Jumuiya ya Thespis na kigezo cha saa

Jumuiya ya heshima ni chama ambacho mwanafunzi hajiandikishi kwa kutaka tu, bali hupokelewa baada ya kutimiza masharti. Jumuiya ya waigizaji inayohusika hapa, International Thespian Society, ilianzishwa mwaka 1929 huko Fairmont, katika jimbo la West Virginia. Jina lake linatokana na Thespis, Mgiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo, ambaye kwa mapokeo ndiye mwigizaji wa kwanza aliyejitenga na kwaya na kusema kama mhusika. Tangu kuanzishwa kwake, jumuiya hiyo imekwisha kupokea wanafunzi zaidi ya milioni 2.

Utaratibu wake ni mwepisi kueleza. Kwanza, shule yenyewe huomba kutambuliwa, kisha hupewa namba na kuwa tawi. Pili, mwalimu anayesimamia tawi huweka daftari la kazi za kila mwanafunzi. Tatu, kazi hizo hugeuzwa kuwa pointi: kwa kawaida, saa 10 za kazi huleta pointi 1, na mwanafunzi aliyefikisha pointi 10, yaani saa 100 hivi, hustahili kupokelewa katika sherehe.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kazi zinazohesabiwa. Aliyeigiza mhusika mkuu hupata pointi, lakini pia hupata aliyeshona maleba, aliyepigilia mbao za mandhari, aliyesimamia taa, na aliyeuza tiketi mlangoni. Kwa maneno mengine, kigezo si kipaji, sura nzuri wala sauti, bali ni muda uliotolewa kwa ajili ya kazi ya pamoja. Hapo ndipo penye nguvu ya utaratibu huu. Mwanafunzi mwenye haya, asiyethubutu kusimama mbele ya hadhira, ana njia ya kuingia.

3. Taratibu za Katanga

Itakuwa kosa kudhani kwamba wazo la kupokelewa kwa hatua katika chama cha wasanii ni geni Katanga. Miongoni mwa Waluba kulikuwa na chama cha Mbudye, ambacho wanachama wake walikuwa watunzaji wa historia ya ufalme na wachezaji wa ngoma za hadharani. Mtu aliingia kwa ngazi, na kila ngazi ilikuwa na mafunzo yake. Waliofika ngazi za juu ndio walioweza kusoma lukasa, ubao wenye shanga na michoro ambao kwa huo habari za wafalme, safari na mahali patakatifu zilikumbukwa na kusimuliwa. Kigezo cha Mbudye, basi, kilikuwa maarifa: mtu alipokelewa kwa kadiri ya alivyojua na alivyoweza kutunza alichokijua.

Utaratibu wa pili ulizaliwa katika miji ya shaba. Tangu Union Minière du Haut-Katanga iundwe mwaka 1906, wafanyakazi waliotoka pande mbalimbali walijikuta wakizungumza Kiswahili chenye sura yake. Msemaji wa Lubumbashi au Kolwezi husema batu mahali ambapo kitabu cha shule huandika watu, na bintu mahali pa vitu. Kwa lugha hiyo vilitokea vikundi vya maonyesho ya kuchekesha na kuonya, na mashuhuri kati ya hivyo ni kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi, kilichojulikana pia kwa vipindi vya redio na televisheni.

Namna kikundi hicho kilivyofanya kazi inafahamika vizuri kwa sababu ya tukio la mwaka 1986. Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia, aliuliza maana ya methali isemayo kwamba utawala huliwa mzima, methali aliyoisikia mezani alipopewa firigisi ya kuku. Waigizaji hao waliichukua methali hiyo na kuifanya mchezo. Hawakuandika maneno ya kukariri. Walijadiliana kuhusu maana yake, wakakubaliana kisa, wakakigawa katika sehemu, wakagawana wahusika, kisha kila mmoja akabuni maneno yake papo kwa papo katika majaribio. Mchezo ulionyeshwa katika kijiji cha Kawama na kurekodiwa kwa ajili ya televisheni. Fabian alinakili mazungumzo hayo kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, akayatafsiri kwa Kiingereza, na kuyachapisha mwaka 1990 katika kitabu chake Power and Performance.

Kutokana na tukio hilo, kigezo cha tatu kinadhihirika. Mwigizaji wa mtindo huu hupimwa kwa uwezo wa kuitikia: kusikia anachosema mwenzake na kukiendeleza bila kuvunja kisa. Uwezo huo haupatikani kwa kukariri, bali kwa kukaa na kikundi muda mrefu.

4. Mifano ya Afrika Mashariki

Shule za nchi jirani zimefuata njia nyingine mbili. Nchini Kenya, tamasha la kitaifa la drama, ambalo mizizi yake inarudi mwaka 1959, hushindanisha shule kuanzia ngazi za chini hadi fainali ya taifa. Tamasha hilo limekuza vipaji vingi. Hata hivyo, heshima ya mashindano huenda kwanza kwa mchezo ulioshinda na shule iliyouleta. Aliyepaka rangi mandhari ya mchezo ulioshindwa katika raundi ya kwanza hurudi nyumbani bila kumbukumbu ya kazi yake.

Nchini Tanzania, mradi wa Tuseme ulianzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba. Wasichana wa shule za sekondari walitumia maigizo kutambua matatizo yanayokwamisha masomo yao na kuyasema hadharani. Baadaye mradi huo ulienezwa katika nchi nyingine za Afrika kupitia FAWE, shirika la wanawake waelimishaji. Katika Tuseme, anayestahili kuingia ni yule mwenye jambo la kusema, na kila mwanafunzi analo.

5. Kigezo kinachofaa Fungurume

Ikiwa shule ya Fungurume itataka kuunda jumuiya ya heshima ya waigizaji, matatizo matatu yatajitokeza.

Tatizo la kwanza ni la lugha. Katika shule za sekondari za Kongo, lugha ya masomo na ya Mtihani wa Taifa ni Kifaransa. Jumuiya itakayohesabu tu michezo iliyoandikwa itaelekea kuhesabu michezo ya Kifaransa, kwa kuwa ndiyo iliyo vitabuni. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi mwenye ufasaha mkubwa wa kubuni mazungumzo kwa Kiswahili, ufasaha unaosifiwa na mtaa mzima, ataonekana shuleni kuwa hana kitu.

Tatizo la pili ni la utunzi. Daftari la kazi huwa na mahali pa mwandishi na mahali pa mwigizaji. Katika mchezo uliobuniwa kwa pamoja, mwandishi ni nani? Jibu la haki ni kwamba wote ni watunzi. Kwa hiyo saa za kujadili methali, kupanga kisa na kukigawa katika sehemu zinapaswa kuhesabiwa sawasawa na saa za majaribio, wala zisichukuliwe kuwa porojo za kabla ya kazi.

Tatizo la tatu ni la muda wenyewe. Saa 100 zikigawanywa katika miaka 4 ya masomo ya juu ya sekondari ni saa 25 kwa mwaka, yaani chini ya saa 1 kwa wiki ya masomo. Kiasi hicho si kikubwa. Lakini saa za vijana hazilingani. Katika ukanda wa shaba wapo wanafunzi ambao jioni huuza sokoni, hulea wadogo zao, au huvutwa na uchimbaji mdogo wa madini. Kigezo cha saa kitakuwa cha haki pale tu ambapo kazi itapangwa ndani ya saa ambazo wanafunzi wako shuleni. Vinginevyo kitawatunuku wale ambao tayari wana nafasi.

Zaidi ya hayo, ipo kazi moja isiyo ya lazima mahali ambapo mchezo huanza kwa maandishi, lakini hapa ina thamani ya pekee, nayo ni kunakili. Mchezo wa papo kwa papo hufa pazia linapofungwa. Mwanafunzi atakayerekodi onyesho na kulinakili neno kwa neno, akiandika batu pale iliposemwa batu, amefanya kazi inayostahili pointi kama ya mshona maleba. Maandishi hayo yatakuwa kitabu cha kusomwa na wanafunzi watakaofuata, na pia hazina ya watafiti wa Kiswahili, ambao mpaka leo wana sampuli chache za mazungumzo ya vijana wa miji kama Fungurume.

6. Hitimisho

Mbudye walipima maarifa, waigizaji wa Lubumbashi uwezo wa kuitikia, Tuseme ujasiri wa kusema, na jumuiya ya Thespis muda wa kazi. Vigezo hivi havipingani. Cha mwisho kina faida kwamba huandikika katika daftari na humfikia hata asiyeonekana jukwaani. Vile vingine vinaeleza nini kiandikwe katika daftari hilo. Shule itakayoanza haihitaji jengo la maonyesho wala taa za gharama. Inahitaji mwalimu mmoja mwaminifu, daftari, na uamuzi kwamba Kiswahili kinachosemwa na wanafunzi wake ni lugha ya kutungia sanaa.