Ua la Arusi Lisitupwe

Baada ya arusi au mazishi maua huwa ya kwanza kutupwa. Siku ya tatu maji ya chombo yananuka, petali zimelegea, na mama anayabeba hadi jalalani huku moyo ukimwuma. Maua hayo hayo yaweza kugeuzwa pambo lenye umbo kamili, la kukaa mezani miaka mingi.

Wapo waliofika mbali. Rebecca Louise Law, msanii wa Uingereza, huyafunga maua yaliyokaushwa kwa waya wa shaba. Mwaka 2017 alijaza ukumbi katika bustani ya Kew, London, kwa maua yapatayo 375,000 yaliyoning'inizwa, watu wakapita katikati yake. Sisi waridi moja latutosha.

Jambo kubwa ni maji. Tunataka yatoke, lakini umbo libaki. Chagua ua lililochanua nusu, lisilo na umande. Tandaza chini ya kopo chembechembe za silika, zile za vipakiti vya ndani ya maboksi ya viatu vipya (za bluu ziache, huwa na kobalti, ambayo ni sumu). Simamisha ua, kisha mimina nyingine kwa kijiko, polepole, kati ya petali, mpaka lizame. Funika kwa muda wa wiki moja. Likikauka sawasawa, petali hulia kama karatasi. Asiye na silika atumie mchanga laini uliooshwa na kukaushwa, asifunike, avumilie wiki mbili au tatu. Waridi jekundu litaiva mpaka karibu na weusi. Ndivyo lilivyo, usiulaumu mkono wako.

Ua la jeneza halipatikani mara ya pili. Jaribu kwanza kwa ua la bustanini.

Siku hizi wengi hulizamisha ua kavu ndani ya resini ya epoksi, ile ya chupa mbili zinazochanganywa, ikaganda kama kioo. Hupendeza kweli. Imiminwe tabaka jembamba jembamba, kwani ikiwa nene hupata joto kali na kupasuka. Ua lenye unyevu litageuka kahawia humo ndani, na hapo hakuna dawa.

Hapa tunasema kama wauguzi. Resini ambayo haijaganda ikigusa ngozi yaweza kuleta mzio: wekundu, muwasho, malengelenge. Mwili ukishaikataa, kwa kawaida huikataa maisha yote. Vaa glavu za nitrili. Zile za mpira wa kawaida hazitoshi. Fanyia kazi barazani penye hewa, mbali na chakula na watoto. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji, si kwa spiriti. Mama mjamzito aiache kabisa.

Sisi twapenda zaidi chupa ya jemu yenye mfuniko: silika kidogo chini, ua juu yake, basi. Pwani, ambako unyevu wa hewa hulegeza petali upya, hakuna njia rahisi kuliko hiyo. Iweke tu mbali na jua.