Mtoto Wakati wa Palizi

Mvua za Dodoma huanza kwa kawaida mwezi wa Desemba, na palizi ya mtama, uwele na karanga huangukia Januari na Februari, yaani wakati ule ule shule zinapofunguliwa. Mama huondoka alfajiri kwenda shambani. Mtoto mdogo huachiwa dada yake wa miaka 9, naye dada hukosa masomo. Hivyo watoto wawili hupata hasara kwa pamoja.

Serikali imekwisha kuweka msingi. Tangu Januari 2016 ada imefutwa kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na Desemba 2021 ilizinduliwa mjini Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Lakini kufutwa kwa ada hakumlei mtoto wa miaka miwili.

Kinachotakiwa ni kituo cha kulelea watoto mchana, kiingizwe katika bajeti ya halmashauri. Hoja hutolewa katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo hufika halmashauri. Katibu wa chama, aliyezoea kuandika mihtasari, aweza kuiandaa mapema, akionyesha idadi ya watoto wa wanachama na umbali wa mashamba. Chama nacho chaweza kuahidi uwele wa uji, ila kiasi chake sharti kikubaliwe na wanachama mkutanoni, si na kamati peke yake. Hoja inayochelewa bajeti hungoja mwaka mzima, na palizi nyingine.