Maji Maangavu Si Lazima Yawe Salama

Watu wengi hupima maji kwa macho. Wakiona maji ni maangavu, wanakunywa bila wasiwasi. Lakini kijidudu cha kipindupindu ni kidogo mno. Hakionekani kwa macho. Je, wataalamu hukionaje?

Njia ya zamani ni kuchota maji na kuyatia katika kisahani chenye chakula cha vijidudu. Vijidudu hula na kuzaana mpaka vikawa vingi na kuonekana. Visipoota, husemwa kuwa havimo.

Nchini Bangladesh njia hii ilileta fumbo. Kipindupindu hurudi huko kila mwaka. Lakini ugonjwa ukitulia, vijidudu havikupatikana katika mabwawa na mito. Vilikuwa vimekwenda wapi?

Kuanzia miaka ya 1980, Rita Colwell, mtaalamu wa Marekani, na wenzake walitumia njia ya rangi inayong'aa. Hufanyika hivi:

1. Tone la maji huwekwa juu ya kipande cha kioo, likakaushwa.

2. Hutiwa dawa yenye rangi. Dawa hiyo hushika kijidudu cha kipindupindu, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli yake. Vijidudu vya aina nyingine haivishiki.

3. Rangi iliyozidi huoshwa.

4. Mtaalamu hutazama kwa hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo, chenye taa maalumu. Kijidudu kilichoshikwa na dawa hung'aa kijani, kama kimulimuli gizani.

Ndipo vijidudu vilipoonekana. Havikuwa vimekwenda popote. Vilikuwamo majini, hai, ila kama vimelala. Ndiyo maana havikuota kisahanini. Vingi vilikuwa vimejishikiza kwenye wadudu wadogo sana wanaoelea majini.

Wadudu hao ni wakubwa kuliko vijidudu. Kitambaa kinaweza kuwazuia. Basi wanawake wa vijiji vya Bangladesh walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu. Sari ni nguo ndefu wanayojifunga wanawake wa huko. Waliikunja, ikawa na tabaka kadhaa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kuwa wagonjwa wa kipindupindu walipungua karibu nusu.

Lakini nusu nyingine waliendelea kuugua. Kijidudu kinachoelea peke yake hupenya kitambaa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kuchuja ni hatua ya kwanza tu. Fanya hivi:

– Chuja maji kwa kitambaa safi kilichokunjwa.
– Yachemshe mpaka yatokote vizuri, kwa dakika 1 au zaidi.
– Yahifadhi katika chombo safi chenye kifuniko.
– Chota kwa kata safi. Usitumbukize mkono.

Mtu akiharisha majimaji mfululizo, mpe maji ya kunywa yenye dawa ya chumvi na sukari, kidogo kidogo. Mpeleke zahanati mara moja. Usingoje kesho. Kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache.